Shule na zahanati ya kwetu: maswali ambayo watu wanauliza kila siku kuhusu michango, kamati na ujenzi wa nguvu za wananchi

Nimekaa kwenye kamati ya shule ya msingi, baadaye nikaingia kamati ya zahanati, huku kwetu mkoa wa Tanga. Maswali ni yaleyale kila kikao, kila grupu la WhatsApp, hata ukikutana na mtu dukani anakuuliza hilohilo, kwaiyo nimeyaweka hapa yote mtu asome kwa nafasi yake. Naongelea Tanzania bara maana ndo utaratibu ninaoujua.

Elimu si bure siku hizi? Mbona bado tunaambiwa tuchange?

Hili ndo namba moja. Ni kweli ada ilifutwa kuanzia Januari 2016, awali mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Zamani sekondari ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka na bweni 70,000, kuna watoto wengi tu walikuwa wanabaki nyumbani kwa hizo hela, kwaiyo mtu asidharau hatua ile. Ila kilichofutwa ni ada na michango ya lazima. Sare, madaftari, kalamu, matibabu ya mtoto, chakula cha mchana kwa wa kutwa, vyote hivyo vilibaki kwa mzazi, na waraka wa serikali wa 2016 umevitaja kabisa.

Sasa shule inaendeshwa na nini? Kuna ruzuku ya uendeshaji, msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka na sekondari 25,000. Ile 10,000 ya msingi yote haifiki shuleni, 4,000 ni ya vitabu vinavyonunuliwa huko juu, inayoingia kwenye akaunti ya shule ni 6,000. Piga hesabu mwenyewe, shule ya watoto 600 inapata 3,600,000 kwa mwaka, yani laki tatu kwa mwezi, hapo kuna chaki, mitihani, ukarabati, michezo, karatasi, kila kitu. Bati likiezuliwa na upepo mwezi wa tatu hiyo laki tatu haiwezi, na kujenga darasa jipya ndo kabisa, hiyo ruzuku haikuwekwa kwa ajili ya kujenga. Ndo maana wazazi wanaitwa. Mimi sioni ubaya wa kuitwa, ubaya ni kuitwa bila kuonyeshwa hesabu.

Mwanangu karudishwa nyumbani kisa hajatoa mchango. Ni halali?

Hapana. Mtoto haruhusiwi kufukuzwa, kuchapwa wala kunyimwa mtihani kwa sababu ya mchango wa mzazi. Nenda kwa mwalimu mkuu kwa heshima ukamwambie, ikishindikana mtendaji wa kata, ikishindikana afisa elimu wa wilaya. Usikae naye nyumbani siku tatu unasubiri mshahara, mrudishe shule asubuhi yake.

Mchango halali ni upi basi?

Ule uliopita kwenye mkutano. Kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, mjini ni mkutano wa mtaa, watu wazima wote wa eneo lile wanaitwa, mnajadiliana, mnakubaliana kiasi na kazi yenyewe, inaandikwa kwenye muhtasari na mahudhurio yanasainiwa. Halafu inapelekwa juu halmashauri wajue na waridhie. Mwanzoni mwa 2018 Rais Magufuli alikataza kabisa walimu kushika michango, alisema mwenye nia ya kuchangia apeleke kwa mkurugenzi, na toka hapo hata wale walimu wazuri wanaogopa kugusa hela ya mzazi. Mimi nasema ni vizuri ilivyokuwa hivyo, mwalimu afundishe, hela ziende kwenye akaunti na risiti itoke.

Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba mchango sio lazima pesa. Mtu anatoa trip ya mchanga, mwingine mawe, mwingine siku mbili za nguvu kazi, Wapare wanaita msaragambo na wanaufanya mpaka leo. Mkubaliane kwenye mkutano kwamba siku moja ya kuchimba msingi inahesabiwa shilingi ngapi, iandikwe, mama mwenye watoto wanne na hana hela asionekane hajachangia wakati kabeba maji ya zege toka asubuhi.

Kamati ya shule ni akina nani, na mimi naingiaje?

Shule ya msingi ina kamati, sekondari ina bodi. Kwenye kamati mwalimu mkuu ndo katibu, mwenyekiti anakuwa mzazi au mtu wa jamii, alafu wapo wajumbe wa wazazi na wa walimu. Wajumbe wa wazazi wanachaguliwa na wazazi. Shida ni kwamba siku ya kuchagua wanakuja watu kumi na tano shule ya watoto mia saba, wanachaguliwa walewale, kisha mwaka mzima watu wanalalamika mtaani kwamba kamati imelala. Njoo siku ya uchaguzi. Kamati ndo inapitisha matumizi ya ile ruzuku, huyo mjumbe ana haki ya kuona taarifa ya benki na lazima aione.

Tunataka kujenga darasa. Tuanzie wapi?

Msianze na tofali. Anzeni na halmashauri, idara ya elimu na mhandisi, waambieni tuna nia ya kujenga, eneo ni hili, watoto ni kadhaa. Watawapa ramani, maana madarasa yana ramani ya TAMISEMI, ukubwa wake, madirisha yake, nondo za kiasi gani. Kijiji kikijichorea ramani yake darasa linakuwa dogo, mhandisi akija analikataa na hapo hela zenu zimeshaingia ardhini.

Kiwango cha serikali ni watoto 45 darasa moja la msingi na 40 sekondari. Choo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hebu nendeni shuleni kwenu mkahesabu, kwa shule nyingi utakuta matundu ndo yamepungua kuliko hata madarasa ila hakuna mtu anayesimama mkutanoni kuchangisha choo, watu wanapenda darasa kwa sababu linaonekana barabarani. Mimi kila nikipata nafasi nasema tuanze na choo, na kile cha wasichana kiwe na chumba cha kujistiri chenye maji na mlango unaofunga kwa ndani. Msichana anayekosa siku nne tano kila mwezi hata ukimjengea darasa la vigae bado yuko nyuma.

Utaratibu uliozoeleka ni wananchi kujenga kuanzia msingi mpaka kwenye lenta, pale juu ya milango na madirisha, hilo ndo tunaita boma, alafu serikali inamalizia kupaua, plasta, sakafu, milango na madirisha. Hela ya kumalizia boma la darasa kwa miaka ya karibuni imekuwa 12,500,000 kwa chumba. Ikifika inakuja kwa fosi akaunti, maana yake hakuna mkandarasi mkubwa, shule yenyewe inatafuta fundi wa palepale na kununua vifaa, na zinaundwa kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Zile 15,000 za vyumba vya madarasa zilizojengwa 2021 na 2022 kwa fedha za UVIKO zilikwenda kwa mtindo huu nchi nzima.

Kamati ya mapokezi ndo watu wanaidharau wakati ndo yenye kazi. Gari la saruji likija saa moja usiku lazima mtu asimame ahesabu mifuko mmoja mmoja kabla hajasaini, nondo apime unene maana nondo ya milimita 12 na ya 10 ukiziangalia kwa mbali zinafanana. Wekeni mama mmoja au wawili wenye msimamo kwenye hiyo kamati, utaona tofauti.

Boma la zahanati tumejenga wenyewe, miaka inapita, linaota majani. Kwanini serikali haimalizii?

Hapa ndo panauma. Mpango wa afya ya msingi, ule MMAM ulioanza 2007, ulisema kila kijiji zahanati na kila kata kituo cha afya, watu wakaitikia kwa moyo, maboma yakasimama kila mahali. Kumalizia boma la zahanati moja halmashauri hupewa kama 50,000,000 na hawapewi ya maboma yote kwa mara moja, kwaiyo kuna foleni. Lakini foleni sio sababu pekee.

Zahanati ikiwa na paa bado sio zahanati. Ili isajiliwe ifunguliwe inatakiwa choo cha wagonjwa, maji, kichomea taka cha kuchomea sindano na mabomba yake, shimo la kondo la nyuma kwa ajili ya wanaojifungua, na nyumba ya mtumishi. Wanakijiji wengi hawakuambiwa haya siku wanachimba msingi. Wanamaliza jengo, wanashangilia, mganga mkuu wa wilaya anakuja anauliza shimo la kondo liko wapi, watu wanatazamana.

Na mtumishi. Hakuna kijiji kinachoweza kuajiri mganga na muuguzi, hao wanatoka serikalini, na ikama, yani idadi ya watumishi, haitoshi. Kabla hata ya kupanga tofali moja muulizeni mganga mkuu wa wilaya swali hili na jibu liandikwe: tukimaliza, mtatuletea nani na lini? Kama zahanati ya kijiji jirani iko kilomita tatu na ina nesi mmoja anayehemewa, pengine nguvu yenu ni bora iende kujenga nyumba ya watumishi pale ili waongezwe wawili, badala ya kuwa na majengo mawili ambayo yote hayana watu. Najua hili halipendwi, kila kijiji kinataka cha kwake, na nimeshazomewa kwa kulisema, ila bado naamini hivyo.

Nyumba ya mtumishi ndo mchango mkubwa kuliko yote kijiji kinaweza kutoa. Nesi aliyepanga chumba kimoja mwendo wa saa nzima toka kituoni hawezi kuamka saa nane usiku kumzalisha mtu.

Dawa hakuna. Tunaandikiwa tukanunue. Sisi wananchi tunaweza kufanya nini?

Kwanza jueni dawa zinanunuliwa kwa hela gani. Toka mwaka wa fedha 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo, hazikai tena wilayani. Zinaongezewa na za papo kwa papo wanazolipa wagonjwa na za bima. Zahanati inaagiza MSD, yani bohari ya dawa ya serikali, na matumizi yanapitishwa na kamati ya usimamizi ya kituo ambayo ina wananchi ndani yake. Kwaiyo swali la dawa lina pa kuulizwa, na ni palepale kijijini.

Pili, siku dawa zinapofika wajumbe wa kamati lazima wawepo. Huku kwetu inakuwa hivi, mganga anapiga simu, wajumbe wanakuja, maboksi yanafunguliwa mbele ya watu, karatasi ya MSD inasomwa kwa sauti na kila kopo linahesabiwa, dawa ya malaria ya watoto kadhaa, ya watu wazima kadhaa, amoksilini, ORS, vipimo vya malaria, kisichofika kinaandikwa hakikufika. Alafu tunabandika orodha ukutani nje, kwa kalamu nene. Ile karatasi ya ukutani imepunguza maneno mengi sana, maana mtu akiambiwa dawa imeisha anaona mwenyewe ilikuja kiasi gani na lini.

Sio kila upungufu ni wizi jamani. Mara nyingi MSD yenyewe hawana, au kituo kiliagiza kidogo kwa sababu hela ilikuwa ndogo. Muulizeni mganga kabla ya kumtuhumu, wengi wao wanafanya kazi ya watu watatu.

Mjamzito anatakiwa kulipa?

Sera inasema huduma kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 wasio na uwezo ni bila malipo kwenye vituo vya serikali. Mzee aende na barua ya utambulisho wa mtendaji.

CHF, ule mfuko wa afya ya jamii, ina faida yoyote au ni kupoteza hela?

Ile iliyoboreshwa ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka kwenye mikoa mingi. Watu walijiunga, wakafika kituoni wakakosa dawa, mwaka uliofuata hawakurudi, na kwa sababu hawakurudi kituo kikakosa hela ya dawa. Huo mzunguko ndo umeua mfuko vijiji vingi. Panapofanikiwa ni pale kaya nyingi zinaingia kwa pamoja baada ya mavuno, mkononi kuna hela ya mahindi au ufuta, na kamati inaenda kituoni kudai dawa kwa niaba ya wote. Sheria ya bima ya afya kwa wote imeshapita bungeni 2023 kwaiyo viwango na utaratibu vinabadilika, ulizeni kituoni kwenu kabla ya kulipa na mdai risiti.

Hawa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumbani, ni akina nani?

Ni watu wa hapohapo kijijini, wamechaguliwa na wenzao mkutanoni na kupewa mafunzo. Mpango wa taifa wa kuwapanga upya ulizinduliwa Januari 2024, mafunzo ni miezi sita, nusu darasani nusu kwa vitendo, na lengo ni wawili kila kitongoji au mtaa. Wanaangalia wajawazito, lishe ya watoto, kifua kikuu, malaria, usafi. Wakiitisha mkutano wa kuwachagua nendeni, mkichagua mtu kwa sababu ni ndugu wa mwenyekiti mtakaa naye miaka. Mchagueni yule ambaye hata usiku ukimgongea anatoka, na ambaye hatoi siri ya mgonjwa kisimani.

Kijiji chetu hakina hela kabisa. Kuna kitu tunaweza kufanya bila pesa?

Kipo. Kibuyu chirizi. Chukueni dumu la lita tano lililotumika, toboeni tundu dogo kwa msumari wa moto karibu na mdomo, litundikeni kwenye mti kati ya nguzo mbili, fungeni kamba kwenye shingo ya dumu ishuke chini kwenye kijiti. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanatoka, hagusi kitu kwa mkono. Sabuni inafungwa kwenye soksi au neti pembeni isichukuliwe na kuku. Chini wekeni kokoto pasiwe tope. Viwili nje ya kila choo, na darasa la tano na la sita wapangiwe zamu ya kujaza maji. Kuhara kukipungua na mahudhurio yanapanda, shule na zahanati zinakutana hapo.

Lingine ni siku za chanjo na dawa za minyoo na kichocho shuleni. Chanjo ya HPV ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na kuanzia 2024 inatolewa dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14. Kila mwaka maneno yanazunguka kwamba inafunga uzazi. Sio kweli. Mzazi anayeaminika akisimama mkutanoni na kusema mwanangu amechanjwa, anasaidia kuliko mabango kumi.

Chakula shuleni, mzazi mmoja akigoma inakuwaje?

Mtoto wake anakula. Hilo lisijadiliwe mbele ya watoto kabisa. Kuna mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni wa 2021 na unataka wazazi wakubaliane wenyewe nini kitolewe. Huku kwetu ni mahindi na maharage kwa debe baada ya mavuno, kuni kwa zamu, mpishi analipwa kidogo. Uji saa nne na makande mchana. Aliyegoma anafuatwa na wajumbe wawili nyumbani kwake jioni, wakae wamsikilize, mara nyingi utakuta hajagoma, hana. Shamba la shule linasaidia sana hapa, hata ekari mbili za mihogo, ila liwe la kulisha watoto kweli maana kuna mahali watoto wanalima na mavuno hawayaoni.

Mimi niko Dar, mwingine Muscat, mwingine London. Tunataka kusaidia kijiji chetu.

Asanteni, na vijiji vingi vimepanda kwa watoto wake walio nje. Ombi ni moja, msinunue kitu kabla hamjauliza kituo kinahitaji nini. Kontena la vitanda vya umeme kwenye zahanati isiyo na umeme halina kazi, na vifaa tiba vina vibali vyake, dawa ndo msithubutu kutuma kwenye begi. Afadhali mseme tunachukua nyumba ya nesi, au solar ya chumba cha kujifungulia, au madawati 60, msimamie hilo mpaka liishe. Hela zipite akaunti ya kijiji au ya kituo, sio simu ya mtu hata kama ni mjomba wako, na muombe picha pamoja na risiti.

Diwani na mbunge tuwatumieje?

Diwani ndo anayesukuma boma lenu liingie kwenye bajeti ya halmashauri, kwaiyo mfuateni mapema kabla vikao vya bajeti havijaanza, sio mwezi wa sita wakati kila kitu kimeshapitishwa. Mbunge ana Mfuko wa Jimbo, uko kisheria toka 2009, na yeye ndo mwenyekiti wa kamati yake. Sio hela binafsi za mbunge, ni za serikali, kwaiyo ombeni kwa barua yenye muhtasari wa mkutano na onyesheni mlichokwisha kufanya. Mifuko 100 ya saruji au bati vinapatikana hapo.

Hela zimechangwa, darasa halionekani. Tumshike nani?

Msimshike mtu mkononi. Dai taarifa ya mapato na matumizi, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na taarifa isomwe pale, pia ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kama mikutano haiitwi, andikeni barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi, wasaini watu wengi. Nimeona hela za wananchi zikirudishwa kwa barua moja yenye sahihi arobaini, hakukuwa na kelele wala ngumi. Mkiona dalili za rushwa TAKUKURU wanapokea simu bure namba 113. Mwende na vitu mkononi, stakabadhi, muhtasari, tarehe, jina la kazi iliyochangiwa, maana ukienda na maneno tu utaambiwa ulete ushahidi na utarudi umechoka.

Na kama hukupewa stakabadhi siku ulipotoa mchango, rudi kesho kaidai.